Kipimo cha Kiganja

Ua wetu pale Waithaka haukuwa wa mabati wala wa mawe.
Ulikuwa wa muigoya: fito zilizochomekwa ardhini
masika fulani kabla sijazaliwa,
zikasahau kuwa ni fito.

Kiangazi nyasi ziligeuka rangi ya mkate,
mfereji ukakohoa hewa, jirani akauza ng'ombe.
Muigoya ukabaki kijani,
kama mtu asiyesikiliza habari.

Nianze na lile mnalolijua, tucheke, tumalize:
jani lake ni laini kama sikio la ndama,
na choo cha shule yetu hakikuwa na karatasi.
Haya. Tumeshacheka.

Na ndizi. Mama alizifunika gunini kwa majani hayo
siku nne, zikatoka manjano,
na kaharufu ka dawa ndani yake
ambako hadi leo nakatafuta kwenye ndizi za supamaketi.

Lakini kazi yenyewe ya ua ilikuwa usiku.
Hodi, saa nane: Mama Nafuna wa chumba cha tatu,
mtoto tumbo limemkaza kama ngoma.
Mama hakuwasha taa. Aliujua ua kwa vidole.
Kabla ya kutoka aliuliza jambo moja tu:
"Hebu nishike mkono wake."

Jani linalolingana na kiganja cha mgonjwa, ndilo.
Likizidi kiganja, lina mwenyewe, liache.
Matatu kwa tumbo, yachemke
mpaka maji yafanane na chai ya mwisho wa mwezi.
Moja kwa jino, lipondwe na chumvi, ling'atwe, usimeze.
Kwa surua, sufuria nzima, mtoto aogeshwe vuguvugu
huku akiimbiwa uongo kwamba hapatauma.
"Na homa ikivuka siku ya pili," alisema,
"huo si ugonjwa wa ua. Beba mtoto, nenda hospitali,
wala usiwaambie nimekutuma."

Mimi nikasomea dawa.
Nikasimama nyuma ya kioo, Dagoretti Corner,
koti jeupe, nikihesabu vidonge kwa kisu cha plastiki.
Siku moja nikamuuliza: Mama, ni miligramu ngapi?
Akaendelea kuchambua mchele.
"Hizo miligramu," akasema,
"zinajuaje ni mtoto wa nani?"

Kaka yangu Gacheru alijenga ukuta.
Sikumlaumu, wezi walikuwa wamechukua hata kamba ya nguo.
Siku ya kung'oa, panga lilimteleza fundi,
likamla kidole. Akainama kwenye rundo,
akaokota jani, akalifikicha, akajifunga,
akaendelea kung'oa.

Sasa Mama amelala upande wa dirisha.
Sukari. Alijua kabla yangu kwamba hili si la ua,
na vidonge ninavyomletea anavimeza bila neno,
kama mgeni anayekula asichokipenda.
Jumapili tu ndipo aliponiambia, akitazama ukuta,
tumbo limejaa, kinywa ni kichungu.

Nikatoka. Lango, ukuta, lango, ukuta,
nyaya za umeme juu, vipande vya chupa vikimeta,
hadi karibu na Mutuini, nyuma ya kanisa la mabati,
nikaukuta umeinamia mtaro wa maji ya sabuni,
maua yake ya buluu yamesimama wima
kana kwamba hapajatokea kitu.

Nikachuma matatu kwa kiganja ninachokikumbuka,
kile kilichokuwa kikifunika paji langu lote la uso.

Nikamwekea jani mkononi.
Likavuka vidole, likaning'inia.
Akaligeuza, akalinusa, akalitazama kwa muda mrefu.
"Na hili," akauliza, "ni la nani?"

Nikavaa viatu tena.
Nikarudi mtaroni kuchuma ya mtoto.